Persepolis mjini Tunis: uchambuzi wa kisa cha katuni iliyofikishwa mahakamani

Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Oktoba 2011, kituo cha televisheni cha Nessma cha mjini Tunis kilirusha filamu ya katuni iitwayo Persepolis, ikiwa imetiwa sauti za Kiarabu kinachozungumzwa na Watunisia majumbani mwao, na baada ya filamu kukafuata mjadala wa studio kuhusu misimamo mikali ya kidini. Jumapili yake watu wapatao 300 walijaribu kuvamia ofisi za kituo hicho. Wiki moja baada ya filamu kurushwa, nyumba ya mkurugenzi wake, Nabil Karoui, ilishambuliwa kwa chupa za petroli. Kesi ilifunguliwa, ikaahirishwa zaidi ya mara moja, na tarehe 3 Mei 2012 mahakama ikamtoza Karoui faini ya dinari 2,400 kwa kurusha filamu iliyohesabiwa kuvuruga utulivu wa umma na kukiuka maadili. Kilichoamsha hasira ni kipande kifupi ambamo Mungu anaonekana katika umbo la mzee mwenye ndevu ndefu, akizungumza na msichana mdogo wa Tehran.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama mgongano kati ya uhuru wa kujieleza na heshima ya dini, na mgongano huo ulikuwapo kweli. Hata hivyo, mtu aliyezoea kusoma katuni akikitazama huona jambo ambalo masimulizi hayo hulipita upesi. Mchoro uliolalamikiwa ulikuwa umechapishwa kitabuni tangu mwaka 2000 na umeonekana kwenye sinema tangu mwaka 2007, lakini ghasia za kiwango hiki zilizuka ulipoingia sebuleni kwa lugha ya nyumbani. Hoja yangu ni kwamba kazi hii iligeuzwa mara mbili, kwanza kutoka kitabu kuwa filamu, kisha kutoka filamu ya Kifaransa ya kumbi za sinema kuwa kipindi cha televisheni chenye sauti za Kitunisia, na kwamba mgeuzo wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza ingawa haukugusa mstari hata mmoja wa mchoro.

Tuanze na kitabu. Marjane Satrapi, aliyezaliwa Iran mwaka 1969 na kukulia Tehran, alitoa Persepolis nchini Ufaransa katika majuzuu manne kati ya mwaka 2000 na 2003, kupitia L'Association, nyumba ndogo ya uchapishaji iliyoanzishwa na wachoraji wenyewe. Ni simulizi ya maisha yake: utoto wakati wa mapinduzi ya mwaka 1979, vita na Iraki, miaka ya ujana akiwa peke yake Vienna, kurudi nyumbani, kisha kuondoka tena. Michoro yote ni nyeusi na nyeupe, bila kivuli cha kijivu, mistari minene na nyuso zisizo na mapambo. Anayeifungua kwa mara ya kwanza aweza kudhani ni kazi ya haraka, mpaka atakapoona jinsi weusi mzito wa kurasa za vita unavyobeba majonzi ambayo maneno yake hayakuyataja.

Mungu anaingia mapema sana, katika sura ya kwanza ya juzuu la kwanza. Msichana wa miaka sita ameamua kuwa mtume, na ameanza hata kuandika kitabu chake kitakatifu chenye kanuni alizozifikiria mwenyewe, miongoni mwazo kwamba mzee yeyote asipatwe na maumivu, kwa sababu magoti ya bibi yake yanamsumbua. Usiku, akiwa kitandani, anakuja mzee mwenye ndevu na vazi jeupe, anampakata na kuzungumza naye. Watu wengine wa nyumbani hawamwoni. Baadaye msichana huyo anasoma kitabu cha katuni kuhusu falsafa ya uyakinifu wa kidayalektiki, chenye wanafalsafa Marx na Descartes kama wahusika, na anagundua kwamba Mungu wake na Marx wanafanana, ila nywele za Marx zina mawimbi zaidi. Ni utani, lakini utani wenye kazi: mwandishi anatuonyesha kwamba sura ile mtoto ameiokota mahali fulani katika picha alizowahi kuziona, na kwamba mchoro unahusu kichwa cha mtoto kabla ya kuhusu mbingu.

Ukurasa una njia zake za kumjulisha msomaji hayo yote bila kuyatamka. Mzee yule huja zaidi chumbani, usiku. Maneno yake yamo katika kiputo kile kile na kwa hati ile ile ya mkono inayobeba maneno ya mama, ya baba na ya msichana mwenyewe, kwa hiyo msomaji hasikii sauti ngeni inayoshuka kutoka juu; anachosoma ni mwandiko mmoja wa mtu mmoja anayekumbuka. Juu ya hayo, msomaji ndiye mwenye saa. Akitaka kusimama kwenye kisanduku kimoja cha mchoro atasimama, akitaka kurudi nyuma kuhakikisha kwamba ameelewa atarudi, na asipopenda anachokiona atafunga kitabu ambacho, kwa kawaida, alikichagua mwenyewe na kukisoma akiwa peke yake.

Kilele cha uhusiano huo kinakuja na kifo cha Anouche, ami yake, mkomunisti aliyefungwa miaka mingi wakati wa Shah, mfalme wa Iran kabla ya mapinduzi, na kukamatwa tena baada ya mapinduzi. Gerezani anaruhusiwa mgeni mmoja tu, naye anamchagua msichana huyu, na kumpa bata maji aliyemfinyanga kwa mkate wa gerezani. Anouche anauawa na serikali kwa tuhuma za ujasusi. Mungu anakuja kitandani kama kawaida, na safari hii msichana anamfukuza asimwone tena. Kisanduku kinachofuata kinamwonyesha akielea peke yake katika giza, na mabomu yanaanza kuanguka. Kwa maoni yangu hapa ndipo juzuu lote la kwanza linaposimama: imani ya mtoto ilichorwa kama mtu ili kuondoka kwake kuonekane, kwa kuwa huwezi kumwonyesha msomaji mlango ukifungwa nyuma ya mtu ambaye hakuwahi kumwona akiingia.

Filamu ilitengenezwa na Satrapi mwenyewe pamoja na mchoraji mwenzake Vincent Paronnaud, ikatunukiwa Tuzo ya Jopo la Majaji katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2007, kisha ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya katuni. Ilichorwa kwa mkono wakati ambapo studio kubwa zilikuwa zimekwishahamia kwenye kompyuta. Mabadiliko yake yanastahili kutazamwa moja moja, kwa sababu mara nyingi watu husema filamu hii ni kitabu kile kile kilichopewa mwendo, na sivyo. Inaanzia uwanja wa ndege wa Orly wa Paris, ambako Marjane aliyekwisha kuwa mtu mzima ameketi akivuta sigara, na sehemu hiyo ina rangi. Utoto na ujana ndio ulio mweusi na mweupe. Historia ya utawala wa Shah, ambayo kitabuni iko katika visanduku vya kawaida, kwenye filamu inachezwa kwa mtindo wa vikaragosi wa jukwaani. Weusi na weupe mkavu wa kitabu umelainishwa kwa kijivu na moshi. Na Mungu, ambaye kitabuni alikuwa akikaa kitandani, sasa anapatikana mawinguni.

Badiliko hili la mwisho ni dogo kwa jicho na kubwa kwa maana. Chumba cha kulala kilikuwa kikimkumbusha msomaji kwamba yumo ndani ya mawazo ya mtoto, ilhali wingu ni mahali ambapo dini nyingi na picha nyingi za kale zimemweka Mungu kweli. Pia anapata sauti, na sauti haina njia ya kuwa mwandiko wa mkumbukaji. Ni mtu mwingine anayezungumza. Filamu inajitahidi kulipunguza hili kwa kumrudisha Mungu baadaye, Marjane akiwa mtu mzima aliyelemewa na msongo wa mawazo, na safari hii yuko pamoja na Marx anayemhimiza kwamba mapambano bado yanaendelea. Mtazamaji aliyeketi katika ukumbi wa Paris, akiwa amekata tiketi na pengine amesoma kitabu, anacheka na kuelewa. Waongozaji walikuwa wakiwazungumzia watu wa namna hiyo, na sioni kosa katika hilo.

Sasa Tunis. Rais Ben Ali alikuwa ameikimbia nchi tarehe 14 Januari mwaka ule, na uchaguzi wa bunge la kuandika katiba ulikuwa umepangwa kufanyika tarehe 23 Oktoba, yaani siku 16 baada ya filamu kurushwa. Chama cha Kiislamu cha Ennahda, kilichopigwa marufuku kwa miaka mingi, ndicho kilichotarajiwa kufanya vizuri, na kweli kikaongoza. Katika hali hiyo, kituo binafsi kinachojulikana kuwa na msimamo wa kutenganisha dini na dola kinaposhika filamu kuhusu mapinduzi yaliyoishia mikononi mwa viongozi wa dini, kikaifungamanisha na mjadala juu ya misimamo mikali, filamu inaacha kuwa kumbukumbu za msichana wa Tehran. Inakuwa onyo kwa mpiga kura wa Tunisia. Nessma ilikuwa na haki ya kutoa onyo hilo, na waliokwenda kuchoma nyumba ya mtu hawana utetezi wowote. Lakini kituo hakiwezi kusema kwamba kilirusha kazi ya sanaa tu, kwa sababu kilikuwa kimeizungushia uzio wa maana ambao haukuwamo ndani ya kazi yenyewe.

Kisha kuna sauti. Watazamaji wa Afrika Mashariki wana uzoefu wa kutosha wa jambo hili, maana tumekulia katika vibanda vya video ambamo marehemu Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walizigeuza filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani kuwa masimulizi ya mtaani kwetu. Mtu aliyewahi kukaa humo anajua kwamba jambazi wa Hong Kong akisemeshwa kwa lafudhi ya Manzese hawi tena jambazi wa Hong Kong. Umbali unaoleta starehe ya kutazama mambo ya wengine unakatika, na utani ambao ungepita ukielea unatua kwenye mapaja ya mtazamaji. Kwa jambazi, hiyo ni burudani. Kwa Mungu, hesabu inabadilika kabisa.

Filamu ikiwa ya Kifaransa, hata kwa Mtunisia anayeifahamu lugha hiyo barabara, Mungu wa Marjane anabaki kuwa Mungu wa familia ya Kiirani iliyosoma shule ya Kifaransa, akitazamwa kupitia lugha ya watu wa mbali. Kiarabu sanifu kingempa angalau heshima ya lugha ya vitabu na hotuba. Kiarabu cha nyumbani ni lugha ambayo haitumiki kwenye mimbari kwa kunukuu maandiko. Ni lugha ya sokoni, jikoni na ugomvi wa ndugu. Mungu akizungumza kwa lugha hiyo, na msichana akimfokea kwa lugha hiyo hiyo, mtazamaji anasikia binti wa jirani yake. Wenzetu Waislamu wa Lamu, Unguja au Muscat hawahitaji kuelezwa kwa nini kumpa Mwenyezi Mungu umbo la binadamu ni jambo zito. Niongeze tu kwamba uzito huo haukuwa sawa katika hatua zote tatu, na hatua ya tatu ndiyo iliyouongeza, kwa kuwa umbo lilipata ulimi wa mtaani.

Televisheni nayo ina tabia yake. Mwenye kitabu anakifunga na mwenye tiketi anaondoka ukumbini, lakini seti iliyowashwa sebuleni inatazamwa na babu, mtoto, mgeni na jirani kwa pamoja, kila mmoja akiwa shahidi wa namna mwenzake anavyopokea anachokiona. Aibu ya kukaa kimya mbele ya wakubwa wakati kitu kama hicho kinapita ni sehemu ya hasira iliyotokea baadaye. Aliyeingia katikati, aliyekosa mwanzo wenye utani wa utume na magoti ya bibi, alikutana na mzee wa mawinguni moja kwa moja bila ngazi ya kumfikia, wala hakuweza kurudisha ukurasa nyuma.

Hoja rahisi ya kumtetea Karoui ni kusema kwamba mchoro ni mchoro, na kwamba kisichowakera wasomaji hakipaswi kuwakera watazamaji. Ukiangalia jinsi kazi hii ilivyopokelewa kwingine, hoja hiyo inavunjika haraka, kwa sababu kila mahali palipotokea mgogoro palichagua ukurasa wake. Kabla hata ya Cannes, taasisi ya sinema ya Farabi ya Iran iliwalalamikia Wafaransa kwamba filamu inatoa picha isiyo ya kweli ya mapinduzi. Shida yao ilikuwa siasa. Lebanoni iliizuia mwaka 2008, kisha ikairuhusu baada ya kelele za wasomi na wanasiasa.

Huko Chicago, Machi 2013, uongozi wa shule za umma uliagiza kitabu kiondolewe kwenye madarasa, na baada ya wanafunzi wa shule ya Lane Tech na walimu kupinga, mkuu wa shule hizo, Barbara Byrd-Bennett, akafafanua kwamba vitabu vibaki maktabani ila visifundishwe kwa wanafunzi wa mwaka wa saba. Ukurasa uliowasumbua ni ule wa wafungwa wawili wa kisiasa waliotoka jela wakisimulia mateso. Mmoja wa wenzao alikatwa vipande, na Satrapi amemchora akiwa kama mwanasesere mtupu aliyetenganishwa viungo kwa usafi, bila damu wala nyama, kwa kuwa hivyo ndivyo mtoto anayesikiliza mazungumzo ya wakubwa angeweza kuwaza. Msichana anaitazama pasi ya nguo ya nyumbani kwao na kushangaa kwamba chombo hicho nacho hutumika kutesea. Ni mbinu ile ile ya Mungu kitandani: picha ni ya kichwa cha mtoto. Chicago waliona mateso mbele ya macho ya watoto, Tunis waliona kufuru mbele ya familia, na pande zote mbili walikichukua kisanduku nje ya kichwa kilichokizaa.

Siku chache baada ya ghasia, Karoui aliomba radhi hadharani na kukiri kwamba kukirusha kipande kile lilikuwa kosa. Radhi hiyo inaeleweka kwa mtu ambaye ofisi yake imekaribia kuvamiwa, lakini kama maelezo ya kazi ya sanaa ina tatizo, kwani inachukulia kwamba Mungu wa Marjane ni kipande kinachong'oleka. Kitaalamu, kukikata ni kazi ya dakika chache. Kinachobaki, hata hivyo, ni filamu ambamo Anouche anauawa na ndani ya mtoto hakuvunjiki kitu. Simulizi ya jinsi imani inavyopotea inageuka kuwa orodha ya maovu ya serikali mbili. Kama kituo kilikuwa na wasiwasi, na katika wiki zile kilipaswa kuwa nao, afadhali kingeirusha filamu nzima kwa Kifaransa na maandishi ya tafsiri chini ya skrini, baada ya uchaguzi, bila mjadala wa kuielekeza. Huo ungekuwa uamuzi wa mhariri anayejua kwamba sauti pia ni mchoro.

Zaidi ya mawakili 100 waliunga mkono malalamiko dhidi ya kituo, na hukumu ikaja, kwa bahati mbaya au kwa kejeli, katika Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Mengi yamesemwa kuhusu faini ya Karoui, ambaye miaka saba baadaye aligombea urais na kufika duru ya pili. Mimi huvutiwa zaidi na wengine waliohukumiwa pamoja naye. Satrapi aliyemchora Mungu yule hakushtakiwa, wala Paronnaud, wala mchapishaji wa Paris, na sababu yaweza kuwa nyepesi tu kwamba mkono wa mahakama ya Tunis haufiki huko. Walioungana na Karoui walikuwa wawili: ofisa wa kituo aliyeshughulikia ratiba ya vipindi, na mkuu wa chama cha wanawake kilichoisimamia kazi ya kuitia filamu sauti za Kitunisia. Kila mmoja alitozwa dinari 1,200, aliyeiweka filamu hewani na aliyeipa ulimi wakilipa sawasawa.